Chai ya Alhamisi

Nilipanga kumwambia baba Jumapili, Jumapili ikapita. Nikasema basi Jumatano. Jumatano nayo akarudi kutoka kazini na taa mpya ya nyuma ya baiskeli, ameiviringisha kwenye leso utadhani kabeba yai, nikaona leo nikisema nitakuwa sina utu. Baridi nzima ya mwaka ule ilipita hivyo pale Doha, mimi napanga na baba ananiwahi.

Na nilichotaka kumwambia hakikuwa hotuba. Baba, nimechoka, naacha. Mtoto wa chekechea anayaweza maneno hayo.

Msije mkadhani nilikuwa mvivu. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea uuguzi, na somo la anatomia lilikuwa limenibwaga muhula uliotangulia. Chuo kikanipa mtihani wa marudio, na baada ya huo hakuna mwingine. Ukianguka tena unarudia mwaka mzima, wenzako wanakwenda zao wodini wewe unabaki darasani na mifupa ya plastiki. Mtihani ulipangwa Jumapili moja ya Februari. Na Ijumaa ya kabla yake, yaani juzi yake, ndiyo siku ya mashindano ya triathloni: unaogelea baharini, ukitoka unapanda baiskeli, ukishuka unakimbia, na hakuna pahala pa kukaa ukapumua. Mama yangu, bi Mwanahawa, alipoziona tarehe hizo mbili nilivyozibandika kwenye mlango wa friji, alisema, "Mshika mbili, moja humponyoka," akarudi kukuna nazi yake.

Kule mambo hayo hufanywa wakati wa baridi. Kiangazi cha Doha, mwenzangu, hata paka hatoki chini ya gari. Kwa hiyo Novemba ikiingia kila mwenye viatu yuko barabarani, na mazoezi yote ya mwaka yanasongamana kwenye miezi ile ile ya masomo mazito.

Wala sikuyatafuta. Michezo ya wasichana pale chuoni ilisimamiwa na Kocha Emily, Mkenya wa Nakuru, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza aliponiona nikiogelea alinidaka mkono. "Wewe unaogelea hivi na umekaa tu? Baiskeli unajua?"

Nami kwa ujuaji wangu nikamjibu, "Kocha, mimi mtu wa Tanga." Maana Tanga baiskeli hupanda kila mtu, mpaka bibi harusi ukimchelewesha. Nilikuwa namtania. Yeye akaandika jina langu.

Usiku nikalisimulia mezani kama kichekesho. Baba akaacha tonge hewani. Baba yangu, mzee Ibrahimu, ni fundi mkuu wa viyoyozi kwenye hoteli moja ya West Bay, mtu wa maneno machache, kutwa yuko chini ya jengo na mashine zinazonguruma. Ujanani alikuwa akishindana baiskeli, kutoka Pongwe mpaka mjini Tanga. Akaniuliza, "Watakupa na baiskeli?" Nikasema hawatoi. Kesho yake akaja na baiskeli ya mashindano aliyoiacha mgeni wa hotelini, haina mnyororo, na jioni nzima akawa kibarazani kwetu Al Sadd na spana zake, anapiga mluzi. Sikuwahi kumsikia baba akipiga mluzi tangu tuhamie Uarabuni. Sasa hapo ungemwambia ulikuwa unatania?

Basi tukaanza. Jumatatu kuogelea, Alhamisi baiskeli, siku za katikati mbio za Konishi, ufukweni. Tunatoka mara tu baada ya sala ya alfajiri. Baba ananipeleka kwa kigari chake, na siku ya baiskeli anatambaa nyuma yangu na taa za hazadi zinawakawaka, malori yasinipitie. Kisha mimi chuoni, yeye kazini. Nilisinzia darasani, nikasinzia maktaba, nikasinzia nimesimama foleni ya mkate. Nilikanyaga pedali huku nikijisomea mifupa kwa sauti, ugoko, kiganja, kifundo, mpaka Kocha Emily akaniuliza, "Husna, unaongea na nani? Hiyo pumzi weka kwa miguu!"

Kisha, kana kwamba hayo ni madogo, mama akagundua habari ya siku zangu.

Kila mwanamke aliyefunga Ramadhani anaelewa nasema nini. Zile siku zinazokupita kila mwezi mtukufu unatakiwa kuzilipa kabla ya Ramadhani nyingine. Mimi tangu sekondari nilikuwa nasema nitalipa, nitalipa. Siku moja mama akaniuliza kwa upole, mimi kwa uchovu nikasahau kusema uongo. Loo! Alishika kiuno. "Miaka yote hiyo, Husna? Na unanipita hapa kila siku umevaa viatu vya mbio?" Akatoa hukumu palepale. Mchana wa baridi ni mfupi, nitalipa sasa, Jumatatu na Alhamisi, nipate na baraka za sunna. Nikamwambia hizo ndizo siku za kuogelea na baiskeli. Akasema Mungu anazijua ratiba zote.

Tukawa tunakula daku mimi na yeye jikoni, mlango tumeurudisha, tunanong'ona kama wezi. Maana kwetu binti hamwambii baba yake kwamba analipa siku. Ukisema unalipa umeshasema kwa nini zilikupita, na hilo binti halisemi wala baba halisikii. Anajua, ana mke, ana dada. Lakini anajua kama asiyejua. Na baba alikuwa hodari wa hilo. Akiamka kwa ajili ya sala anakohoa kwanza kwenye ujia, kikohozi kirefu cha kututahadharisha, sisi huku tunafunika sufuria na kufuta makombo, ndipo anatokea na kusema, "Mmeamka mapema leo." Mama anajibu, "Tunaosha vyombo." Miezi mitatu tuliosha vyombo kabla ya alfajiri.

Kocha Emily nilimwambia, mwanamke mwenzangu. Akasema, "Sawa, hizo siku usisukume sana," akamaliza. Kuogelea nako kulikuwa na kesi yake. Nikimeza maji ya bwawa nilirudi kumuuliza mama kama saumu ipo au haipo. "Umemeza makusudi?" Nikamwambia, mama, nani anameza dawa ya klorini makusudi? "Basi ipo."

Balaa ilikuwa chai.

Tukimaliza mazoezi baba alikuwa na kituo chake, kibanda cha Mmalabari mmoja, Mhindi wa Kerala, kando ya njia, unapiga honi yeye anakuletea chai ya karaki dirishani, nzito, ya maziwa na iliki, kwenye vikombe vya karatasi. Baba ananunua viwili. Ananyoosha mkono, "Shika, mama, upashe tumbo." Mama ni mimi, nimeitwa jina la mama yake. Na mimi nimefunga. Harufu ile ya iliki, wallahi, ilikuwa inaingia mpaka kwenye magoti.

Ningesema nini? Sitaki chai? Baba angeuliza unaumwa. Sili asubuhi? Alishaniona Jumanne na Jumatano nikimaliza chapati mbili. Nikagundua ujanja. "Inaunguza, baba, acha ipoe." Kisha nashuka kukagua tairi la baiskeli tuliyoifunga nyuma ya gari, naimwaga mchangani, narudi nafuta midomo.

"Tamu?"

"Tamu, baba."

Astaghfirullah. Saumu yenyewe ya kuchelewesha, na uongo naibebesha. Bahati nzuri baba hakuwa mtu wa kukutazama usoni unapokula. Naye alikuwa na kasumba ya kushuka na kikombe chake kukagua tairi upande wake, kila tukisimama pale. Mtu wa mashine, nilisema, haachi kugusagusa.

Mara ngapi nilifungua mdomo kumwambia naacha! Ijumaa moja baada ya sala tulialikwa pilau kwa mzee Abdallah, Mzanzibari dereva, hapo hapo Al Sadd. Nilijiapiza kwamba njiani kurudi nasema. Nikamsikia baba kwenye chumba cha wanaume, baba yangu asiyeongea, anawaeleza wenzake: "Anatoka majini, anapanda, anashuka, anakimbia! Na masomo juu! Mimi namfuata nyuma tu." Wakacheka, wakasema mashaallah. Nikala pilau yangu nikanyamaza. Watu husema mzigo wa mwenzio kwako ni kanda la usufi. Mimi wa kwangu ndio ulionivunja mgongo, na wa baba sikuujua hata kama upo.

Ikabaki wiki moja. Jumatano mwalimu wa anatomia akatupa jaribio la kujipima, karatasi yangu ikarudi nyekundu kama imechinjiwa kuku. Akaniambia kwa huruma, na huruma ndiyo iliyoniuma, "Ukifanya hivi Jumapili ile, utarudia mwaka." Usiku sikulia, sikuwa na nguvu ya kulia. Nilijilaza na nguo za kesho mwilini nikasema: Alhamisi. Tukishapewa hiyo chai yake, kabla sijashuka, namwambia. Na avunjike moyo. Moyo utapona, mwaka haurudi.

Alhamisi hiyo tulikwenda upande wa Lusail, wakati huo bado wanaujenga, barabara pana tupu na vumbi la malori ya mchanga. Kwa mara ya kwanza baba alipita kwa Mmalabari kabla ya mazoezi, akasema leo anachelewa kazini, hatutapata nafasi ya kusimama baadaye. Vikombe viwili vikakaa mbele kwenye gari, vimefunikwa. Nikapanda baiskeli, nikisema basi nitamwambia nikirudi garini. Chupa ya maji imejaa pale kwenye fremu, ya maonyesho tu.

Baba akiwa nyuma yangu, mwanga wa hazadi huanguka mbele ya gurudumu langu, njano, kiza, njano, kiza. Nilishazoea kukanyaga kwa kuufuata. Asubuhi hiyo nilikuwa nimefika kwenye mifupa ya uti wa mgongo, nikakwama, nikaanza upya, nikakwama tena. Kisha nikaona mbele yangu ni kiza tu. Nikangoja njano. Haikuja.

Nikageuka. Gari halipo nyuma yangu. Lilikuwa mbali, limetoka barabarani, pua imeingia kwenye mchanga, limeangusha mapipa ya plastiki ya wajenzi, na zile taa bado zinawaka kuelekea upande usio na mtu. Sijui niligeuzaje ile baiskeli. Mashindano yote ya dunia hayajawahi kuniona nikikanyaga vile. Niliita baba, baba, baba, pumzi haina nafasi ya neno jingine, na moyoni nilikuwa nasema, Mola wangu, chukua mwaka, chukua na mwingine, niachie huyu.

Alikuwa amelaza paji la uso kwenye usukani. Nikapiga kioo kwa ngumi. Akafumbua macho.

"Naam, mama," akasema. "Nimepumzisha macho tu."

Nilifungua mlango nikampapasa kichwa, shingo, mikono, kama tulivyofundishwa na kama tusivyofundishwa. Mzima, hana hata mchubuko. Chai yote ilikuwa imemwagika, imelowesha mpaka ovaroli ya kazini iliyotundikwa. Midomo yake imekauka, ina magamba. Nikachomoa chupa yangu. "Kunywa maji, baba."

"Hapana."

"Kunywa!" Sikuwahi kumpazia baba sauti maishani mwangu. Ilinitoka.

Aliitazama chupa, imejaa mpaka kwenye kifuniko baada ya mwendo wote ule. Halafu akatazama mchanga. "Nimefunga," akasema.

"Umefunga nini, baba?"

"Si leo Alhamisi?"

Baba yangu na sunna ya Alhamisi! Mtu ambaye mihogo ya asubuhi ikichelewa nyumba haikaliki. Nikamuuliza taratibu, "Na Jumatatu?"

"Na Jumatatu."

"Tangu lini?"

Akawa anafuta vumbi kwenye dashibodi kwa kidole. "Tangu mama yako alipoanza kukuamsha."

Nilikaa chini palepale mlangoni. Miezi yote ile. Sisi jikoni tunakula wali wa nazi kwa kujificha, yeye chumbani gizani na tende zake na maji ya glasi, anangoja wakati wa kukohoa. Kisha anaendesha, kisha kutwa anapanda ngazi za mitambo, tumbo tupu. Nikamuuliza, "Sasa chai ulikuwa unanunua ya nini?"

"Nisiponunua chai ungejua kwamba najua," akasema. "Ungeona haya."

"Na tairi la upande wako?"

"Tairi lilikuwa zima siku zote."

Nilianza kucheka nikajikuta nalia, na baba naye hakujua ashike lipi, akawa ananipigapiga bega kwa kofi la fundi, zito. Nikaona nisiposema sasa sitasema tena mpaka nizikwe. "Baba, nimechoka."

"Saumu?"

"Saumu naiweza. Nimechoka na baiskeli. Na maji. Na kuamka. Mtihani siuwezi, baba, nitarudia mwaka. Nilikuwa nataka kuacha tangu Desemba, nikashindwa kukwambia kwa sababu unaipenda."

Alinitazama, na baba hanitazamagi hivyo. "Mimi naipenda? Si wewe uliyekuja kutuambia mezani umeandikishwa, unacheka mpaka unapaliwa? Nikasema mtoto amepata kitu cha kumfurahisha huku ugenini, nisimwangushe." Akavuta pumzi. "Mimi nilichoka wiki ya pili, Husna. Siku nyingine nilikuwa naomba mvua inyeshe. Doha! Naomba mvua!"

Malori yakapita, yakatumwagia vumbi lao. Akasema, kama anayezungumza na usukani, "Lakini kukuona pale mbele ya taa, mgongo umeinama unakwenda, hilo nililipenda. Sitakudanganya. Hilo nililipenda sana."

Nilimshika mkono, tukangoja mpaka dereva mmoja wa lori, Mpathani, mtu wa Pakistani, akashuka bila kuitwa akatuvuta kwa kamba.

Kocha Emily nilimpigia simu mchana. Alipiga kelele kwanza, haki yake. "Wiki moja, Husna? Wiki moja imebaki na unaniangusha hivi?" Nikamweleza habari ya gari. Sauti ikashuka. "Pole. Mzee yuko sawa? Basi enda usome. Na hiyo anatomia uipite, ama nikurudishe kwa baiskeli mimi mwenyewe." Mama yeye hakushusha sauti wiki nzima. Alitugombeza wote wawili kwa pamoja, ametusimamisha sebuleni, mtu na baba yake. "Nilimwambia, njoo ule daku jikoni kama watu. Akasema mtoto ataona haya. Haya zenu nusura ziwazike!"

Ijumaa ya mashindano sisi tulilala mpaka jua likaingia dirishani. Niliamka nikawaza saa hizi wenzangu wanatoka majini, nikasikia uchungu, kweli, siyo mkubwa lakini uchungu. Nikafungua kitabu. Mtihani nilifaulu, kwa alama ambazo sitazitaja hapa, zinanitosha mwenyewe.

Lakini majibu hayo yalikuja baadaye. Ninayoikumbuka mimi ni Jumatatu, kesho yake baada ya mtihani, siku yangu ya mwisho ya kulipa. Tuko jikoni, mimi na mama, mlango umerudishwa. Chai iko kwenye birika, mama kaipika ya iliki. Tukasikia kikohozi kwenye ujia, kile kirefu. Mama kwa mazoea akanyanyua sinia alifiche. Nikamshika mkono.

"Karibu, baba," nikasema kwa sauti, mwili wote umenipata moto. "Chai ipo. Adhana bado."

Nikadhani amerudi chumbani. Kisha mlango ukasukumwa, akaingia amevaa kofia ya kulalia, hakunitazama, akaitazama friji ambayo bado ilikuwa na zile tarehe zangu mbili. Akavuta kiti.

"Kuna baridi leo," akasema.

Nikamjazia kikombe, nikajaza na changu. Ilikuwa inaunguza, lakini hakuna aliyesema ipoe. Tuliinywa yote.